Matofali ya Mama Yaliyobaki Nyololo

Mama alikataa katakata kuzikwa Mbalizi. Kila jioni alisoma Maombolezo ya Yeremia, kisha ananigeukia: nikifa nirudishe Nyololo, nilale karibu na baba yako, ubavuni mwa kanisa. Tulisikia watu wa kule wamehamishiwa kijiji cha Ujamaa, lakini kanisa limekuwaje hakuna aliyetuambia. Kifua chake kilizidi kumbana. Nikafunga safari, maana mimi siahidi nisichokiona.

Alfajiri niliondoka Mbalizi. Mbeya mjini dereva alituweka akinywa chai, na hadi Igawa bado alikuwa anaisifia. Sikucheka. Makambako upepo ulitupiga, nikajifunika koti.

Jioni niliteremka Nyololo, ukungu umeshuka. Shangazi, dada wa marehemu baba, alinipokea. "Kamwene," akanisalimu, akanipakulia ugali na majani ya maboga. Nilipoulizia kanisa akasema tule kwanza.

Asubuhi tukapanda kwenye kijiji cha zamani. Jamani! Kanisa nililobatiziwa, ambalo kengele yake ilisikika mabondeni kote, halina paa wala milango. Mbuzi walilala ilipokuwa mimbari. Shamba la kijiji limefika hadi makaburini, na kuzika pale kumekatazwa. Kuta zote zimekwisha, isipokuwa kipande kimoja cha upande wa madhabahu, kimo cha kifua. Nikamuuliza shangazi ni vita gani vilivyopita hapa.

"Si vita. Ni sisi wenyewe," akajibu.

Akanieleza. Wakati wa kujenga, kila familia ilifyatua matofali yake na kuyatia alama ya vidole yakiwa mabichi. Walipohamishwa, kila mmoja alirudi kuchukua ya kwake, wakajenge kanisa jipya. Ya mwenzio huyagusi, kwa kuwa ni sadaka yake. Kipande kilichobaki kilikuwa na alama ya vidole viwili, vya mama yangu.

"Kwenye kanisa jipya ukuta wa madhabahu bado uko wazi," alisema shangazi. "Mwambie mama yako tunamngoja yeye."

Nilirudi Mbalizi siku ya pili, nikamweleza mama yote bila kumficha. Alishuka kitandani, akajifunga kanga kiunoni, akaketi chini na kulia kwa sauti. Majirani wakaja wakidhani tumefiwa. Sikuwakatalia. Kanisa nalo huliliwa, hilo ndilo nililojifunza katika safari ile.

Alipotulia akanishika mkono.

"Waambie wayachukue matofali yangu. Uniletee moja tu, nikifa liwe kichwani pangu. Hapa hapa Mbalizi."

Nikalifuata. Alilipakata, akajaribu kuweka vidole vyake kwenye ile alama ya ujana wake. Havikuingia, vilikuwa vimevimba.