Maneno Aliyotuachia Nyandeng

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo moyo wangu huirudia bila kuambiwa, hasa mchana kama huu, feni inapozunguka polepole na ofisi imenyamaza. Jana uliniuliza kwa nini nakusumbua uandike sababu kila unapobadilisha skripti zetu, hata ukigusa mstari mmoja tu. Nilikujibu kwa mkato kwa kuwa nilikuwa na wageni. Leo vuta kiti, nikujibu sawasawa.

Kazi yetu wakati ule ilikuwa kutafuta watu waliopoteana. Walikuwa wakivuka mpaka wa Nadapal kutoka Sudan Kusini, mama akaandikishwa hapa, mtoto akaandikishwa kule, kila mmoja na karani wake. Majina yote yaliingia kwenye databesi moja iliyokuwa hapa Lodwar. Sisi tuliandika skripti, yaani yale maagizo yanayoiambia databesi itafute nini na ilinganishe nini na nini. Mimi nilikuwa huku Lodwar, nywele bado nyeusi. Mwenzangu Nyandeng alikuwa kwenye kambi ya Kakuma.

Nyandeng alikuwa mkimbizi yeye mwenyewe. Mrefu, mwembamba, na kicheko chake ulikisikia kabla hajafika mlangoni. Kompyuta alisomea kambini. Alikuwa akimtafuta mama yake, na kila tulipomaliza skripti mpya, jina la kwanza kulijaribu lilikuwa la mama huyo. "Tuanze na huyu," alikuwa akisema, kama mtu anayejaribu kalamu kama inaandika. Kompyuta ikisema hakuna, anainamisha kichwa kidogo, kisha anaendelea na kazi. Hakuwahi kuniambia inamuuma. Nami sikuwahi kumuuliza. Laiti ningemuuliza.

Nyandeng ndiye aliyegundua ugonjwa wa majina. Karani mmoja anaandika Chol, mwingine anaandika Col. Mmoja anaanza na jina la baba, mwingine la babu. Kwa kompyuta hao ni watu tofauti kabisa. Akakaa akaandika skripti iliyojua kwamba hao wanaweza kuwa mtu mmoja. Akaiweka kwenye flash, akampa dereva, ikaja Lodwar ikawekwa. Hivyo ndivyo tulivyopelekeana kazi, mwanangu: kwa flash mfukoni mwa dereva, kwa barua pepe mtandao ukikubali. Kila mtu alikuwa na nakala yake. Ukifungua kompyuta ya mtu unakuta faili inaitwa "mpya", nyingine "mpya kabisa", nyingine "mwisho", na "mwisho ya kweli".

Basi siku hiyo nilikuwa nimesafiri kwenda Kakuma na mkubwa wetu wa kazi, Mzee Ewoi. Tulimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, kanga amejitanda vizuri, uso umeng'aa mafuta kama wa mtu anayekwenda harusini. Aliitwa Mama Nyibol. Jana yake aliambiwa kwamba yupo kijana anayefanana na mwanawe, arudi tuthibitishe. Kwa usalama wa watu, Kakuma ilionyeshwa tu kwamba anayefanana yupo. Maelezo yenyewe yalitolewa na Lodwar baadaye.

Nyandeng akatafuta. Kompyuta ikasema hakuna. Akatafuta tena. Hakuna.

Mama Nyibol alikuwa akimtazama mdomoni. Akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Jana nyinyi nasema iko. Leo nasema hakuna. Mtoto yangu amekufa usiku?"

Nyandeng alimjibu kwa Kidinka, maneno mengi ya haraka, akimshika mikono. Kisha akanigeukia, na sijawahi kumwona na macho yale.

"Dada Akai, nyinyi watu wa Lodwar mmeweka faili ya zamani juu ya ile yangu."

"Sisi tumeweka ile iliyoletwa," nikasema. "Labda wewe ndiye uliyetuma ya zamani."

"Mimi? Mimi nilituma mpya! Muulize dereva!"

"Dereva anajua nini kilicho ndani ya flash?"

Tukapandishiana sauti mbele ya yule mama. Nakuambia ukweli, mpaka leo hakuna ajuaye ni nani aliyeweka ile faili ya zamani. Pengine mimi, pengine yeye, pengine mwenzetu wa tatu aliyetaka kusaidia. Hapakuwa na mahali popote palipoandikwa nani alibadilisha nini. Tulibaki na hasira tu, na hasira haikutuonyesha faili.

Mzee Ewoi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema, "Huyu mama anatafuta mtoto. Nyinyi mnatafuta wa kulaumu. Ni nani kati yenu anatafuta mtoto?"

Akaongeza, "Kaeni hapo pamoja mrekebishe. Mkimaliza, mnieleze mtafanya nini ili siku nyingine mama mwingine asiambiwe leo mtoto wake yupo, kesho hayupo."

Nyandeng alijaribu nakala zote alizokuwa nazo. Hakuna hata moja iliyofanya kama ile iliyopotea. Ikabidi aiandike upya kutoka kichwani, nami nimeketi ubavuni mwake chini ya mabati yaliyokuwa yakiwaka kama jiko. Kazi ile haikuisha siku hiyo. Kila asubuhi Mama Nyibol alikuwa kwenye benchi. Hakutulaumu. Alikuja, akaketi, na mafuta usoni hakuyapaka tena.

Skripti ilipokamilika, yule kijana alitokea tena kwenye kompyuta. Tulipopiga simu kituo kilichomwandikisha, tukaambiwa alishaondoka, amechoka kungoja. Mwanangu, hapo nilitoka nje nikasimama juani peke yangu. Siku ile Mama Nyibol alipokuja kwa furaha, kijana alikuwa bado kituoni. Watu wa kituo kile walimtafuta kwa marafiki zake, kutoka simu hii hadi simu ile, na baada ya muda mrefu akapatikana akichunga ng'ombe wa watu. Nilikuwepo mama huyo alipoletewa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaibana sikioni. Kisha akasema jambo moja kwa Kidinka, na Nyandeng akanitafsiria huku akifuta machozi: "Anamuuliza kama kikohozi kilipona."

Baada ya hapo Nyandeng alikuja Lodwar, tukaweka Git, programu hii ya kutunza kila badiliko, unayoitumia leo na kuilalamikia. Tulikusanya nakala zote za skripti kutoka kila flash na kila barua pepe, tukazilinganisha moja moja, tukabishana, tukacheka, tukabaki na moja tuliyoikubali. Tukaiweka kwenye hazina moja, yaani ghala la skripti, hapa Lodwar, na kila mmoja akawa na nakala kamili ya hazina hiyo kwenye kompyuta yake. Kakuma mtandao ukikatika Nyandeng aliendelea na kazi. Ukirudi anatuma mabadiliko yake. Tukigusa mstari mmoja sote wawili, programu inasimama na kutuambia tuzungumze kwanza. Mzee Ewoi aliuliza swali moja tu, "Majina ya watu yamo humo?" Tukamwambia hapana, humo mna maagizo tu, majina yamebaki kwenye databesi. Akasema, "Sawa. Endeleeni."

Na kwa kila badiliko, jina la aliyelifanya na sababu yake. Mimi niliandika kwa uvivu: "Nimerekebisha." Nyandeng aliandika kama anayezungumza nawe mezani. Sababu zake zilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe. "Nimefanya hivi kwa kuwa makarani wa mpakani huanza na jina la babu. Mtu asifute kabla ya kuniuliza, kuna wazazi wanangoja."

Kisha ikaja habari kwamba mama yake ameonekana ng'ambo ya Nadapal. Nyandeng hakungoja. Nilimpigia nikimwomba asubiri tupate uhakika, akanijibu, "Dada, wewe ungesubiri?" Akapanda gari la Lokichoggio, kuelekea mpakani, na begi moja.

Asubuhi ya kuondoka alituma kazi yake ya mwisho. Sababu yake inasema: "Nimemaliza majina ya kina baba. Dada Akai, mstari wa mwisho sina uhakika nao. Nikirudi tuuangalie pamoja."

Simu yake iliita kwa muda, kisha ikaacha kuita. Kama alimpata mama yake, sijui. Ule mstari nimeuangalia mara nyingi. Uko sawa, Nyandeng alikuwa na wasiwasi bure. Natamani tu nimwambie hivyo. Mzee Ewoi naye alistaafu, akarudi Kainuk kwa mifugo yake. Lakini nikifungua historia ya zile skripti namsikia Nyandeng akicheka, akibisha, akinieleza. Watu wangapi wameondoka kwenye kazi hii na sina hata neno lao moja!

Kwa hiyo, mwanangu, usimfiche mwenzako kazi yako kwenye kompyuta yako peke yako. Itoe mapema, mkiwa bado mnaonana, mbishane juu yake mngali na nafasi. Kitu kikiharibika, kitengenezeni kwanza, na mwenye hasira angoje. Na ukiandika sababu, mwandikie mtu, usiiandikie mashine. Mwandikie yule atakayekaa kwenye kiti hiki wewe ukiwa mbali, ajue ulikuwa unamfikiria nani ulipofanya ulichofanya.

Haya, nenda kaendelee. Akuj, Mungu wetu, akulainishie njia zako, akupe wenzako wa kuzeeka nao kazini. Unaowapenda wasikupotee. Na siku ukipotea wewe, awepo mtu asiyechoka kulitafuta jina lako.