Chemchemi Iliyochorwa Juu ya Wingu

Kazini walimwita Mzee Kontua, kwa ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Aliichora miaka thelathini na minane, na kisiwa kilichompa sifa kwa kukichora hakuwahi kukikanyaga. Hilo halikumsumbua, daktari wa meno naye hajawahi kuishi kinywani mwa mtu. Alipewa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kalamu ya wino, na meza iliyotegemezwa kwa kamusi, akachora kilima baada ya kilima cha pori ambalo hata mbuzi hawakuwahi kulifikia.

Picha moja ilikuwa na wingu. Kanuni ilitaka pale paachwe peupe. Lakini mkuu wao alilitazama tundu la ramani kama mpishi anavyotazama nzi kwenye mchuzi, na wachoraji walikwisha kuzoea kuziba kimyakimya. Kontua, aliyekuwa amepeleka posa wiki ileile, akaziba kwa chemchemi: nukta ya buluu na kijito kinachoteremka kwa madaha. Akamwambia mchumba amemchimbia maji mahali pasipo na foleni.

Posa ikakubaliwa. Nakala ya ramani ikatundikwa chumbani, na kila walipokosana mke alitishia kuhamia kwenye chemchemi yake.

Majuzi alikuja mtafiti wa ndege wa porini, binti mchangamfu, kumshukuru mwenye sahihi iliyo pembeni mwa ramani ile. Yeye na wenzake wanakwenda kisiwani majuma matatu, na ramani ni hiyo moja tu. Watabeba maji ya siku mbili, kisha watapiga kambi penye chemchemi.

“Ni yangu hiyo,” mke akamwambia, akimwongezea chai. “Karibuni.”

Mzee alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsahihisha mstari hata mmoja.

“Mwanangu,” akasema, “bebeni maji yote. Pale hapana chemchemi. Palikuwa na wingu, nami nilikuwa nimepeleka posa.”

Binti akaweka kikombe chini.

“Kumbe miaka arobaini natishia kuhamia jangwani,” mke akamwambia mumewe. Kisha akamgeukia mgeni: “Ifute kwenye yako, mwanangu. Ya chumbani isiguswe.”

Kabla wiki haijaisha walikosana kwa sababu ya dari inayovuja. Mke akatangaza kwamba anahamia kwenye chemchemi. Mzee akaenda jikoni, akamjazia chupa ya maji.