Kisima Kilichotembea Hadi Sericho

Juzi hapa Isiolo mjini, mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili alinishika mkono mbele ya watu dukani, akatangaza, "Huyu mwandishi mnayemsikia, kalamu yake niliichonga mimi." Nikatabasamu kwa adabu, kama tulivyolelewa. Tangu siku hiyo, rafiki yangu, hasira haijanitoka. Acha nikuambie wewe nilichonyamazia pale.

Nilikuwa darasa la sita. Nililelewa na akko, ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni. Kila jioni niliosha vibuyu kwa maji moto, naye akavifukiza kwa kijinga cha mgunga mpaka nyumba nzima ikanukia moshi. Mwaka huo wa ukame niliandika insha kuhusu kisima chenye miguu ya chuma, kinachowafuata wafugaji wa Sericho popote waendapo. Mwalimu aliisomea darasa akicheka mpaka akafuta machozi. "Kisima kitembee? Hata mbuzi hawezi kuamini!"

Nilipomsomea akko jioni, yeye hakucheka. Alitazama ndani ya kibuyu, akauliza, "Hicho kisima kinakula nini? Kikikwama, nani anakivuta? Nani hakipendi?" Akanipa kibuyu nikisuuze. "Ukitaka watu wameze jambo kubwa," akasema, "lichanganye na madogo wanayoyajua."

Nikaandika upya. Kisima sasa kilikunywa dizeli, na wazee wakalalamika kwamba chai inanuka mafuta. Kilizama mchangani karibu na Gotu, kikavutwa na ngamia wanne huku kikitukanwa. Watu wa Kipsing wakaapa kukivunja miguu kwa sababu kiliwapita bila kusimama. Nilipomsomea, akko aliweka kibuyu chini.

"Na hao wa Kipsing, mwishowe walipata maji?"

Alikuwa ameamini! Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko swali lile.

Mwalimu naye safari hii hakucheka. "Nani amekuandikia?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wewe? Mtoto wa muuza maziwa?"

Alinipigisha magoti kwenye changarawe, jua la saa sita utosini, mpaka nimtaje mtu. Nilivumilia hadi damu ikatoka. Nikasema, "Ni mjomba." Akaridhika papo hapo. Hakuuliza jina lake wala anakaa wapi. Uongo mkavu kama ule aliumeza mzima, kisha akachana daftari langu.

Jioni nilimweleza akko yote, na kesho yake akasimama mlangoni pa ofisi ya walimu. "Salaam aleikum, Mwalimu. Huyu mtoto hana mjomba. Mimi nilizaa binti mmoja tu." Mwalimu akamwambia arudi sokoni, maziwa yasije yakachacha. Walimu wengine wakacheka. Akko aliaga vizuri, akaenda zake.

Toka siku hiyo sikumsomea tena kitu. Niliona nimemponza. Kazi ikiisha jioni, alikuwa akikaa kidogo akinitazama, kama mtu anayesubiri, halafu anaingia kulala. Alifariki nikiwa sekondari. Magoti yalipona, na daftari lilikuwa karatasi tu. Lakini ile miaka akko aliyokaa akisubiri hadithi, nami nimefunga mdomo kwa aibu isiyokuwa yangu, hiyo simsamehei mtu.