Siri Iliyoombewa Jumuiyani

Tajiri wangu wa Bombambili alikuwa na banda la kitimoto na majivuno makubwa kuliko banda lenyewe. Nyama yake ilikuwa tamu, hilo simnyimi. Wateja walitoka hadi Msamala kuifuata, naye akipita katikati ya viti vya plastiki akijipapasa kitambi, utadhani yeye ndiye aliyembuni nguruwe. Utamu wote ulitoka kwenye kiungo cha kulowekea nyama: asali ya porini, ndimu, tangawizi na unga wa kahawa. Kahawa ndiyo iliyokuwa siri.

Siku moja alirudi kutoka semina ya wajasiriamali akiwa hashikiki. Walifundishwa kwamba siri ya biashara inalindwa kisheria, mradi mwenyewe ailinde kwanza: wafanyakazi wasaini mkataba wa usiri, wanaoijua wawe wachache, jikoni pasiwe njia ya kila mtu. Mambo ya maana kabisa, yakaangukia kichwa kibovu. Mimi na mpishi mwenzangu tulisainishwa kwa wakili. Mlango wa jiko ukapigwa kufuli. Pakiti tupu za kahawa alizichoma mwenyewe nyuma ya banda, akikohoa moshi na kututazama kama wezi. Nilimdharau, lakini nilisaini na mdomo nikaufunga. Hata mama yangu sikumwambia.

Kisha ikafika zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake. Jumuiya yetu ni majirani Wakatoliki tunaozunguka nyumba hadi nyumba, na mwishoni kila mmoja hutaja nia yake kwa sauti. Huyu anamwombea mgonjwa, yule mwanawe mwenye mtihani. Tajiri hajui kusali bila kujisifu. Alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa kumfunulia kuchanganya kahawa na asali, akataja ndimu na tangawizi na vipimo vyake, kisha akaomba kiungo hicho kilindwe dhidi ya maadui. Tukaitika wote kwamba Bwana atusikie. Akina mama mkekani nao walikuwa wamesikia vizuri sana.

Alipoanza kunipekua mkoba kila jioni, niliacha kazi nikafungua jiko langu Msamala. Jiko hilo ndilo lililotulisha mimi na mama. Haukupita muda akaniita kwa wakili wake, akitaka nilifunge kwa sababu natumia siri yake. Nilikwenda nikiogopa, nasema kweli. Niliona tunarudi kulima vibarua.

Nikatoa shikamoo, nikakaa. Wakili alikuwa mtu mstaarabu. Aliniuliza kama nimewahi kumwambia mtu yeyote kile kiungo, nikasema hapana. Nikamwomba amuulize na tajiri swali hilohilo.

"Mimi nimwambie nani?" tajiri akasema, akicheka.

Nikamkumbusha jumuiya ya nyumbani kwake. Wakili akaacha kuandika, akauliza walikuwepo watu gani. Nikamjibu sebule ilijaa, na wengine walikaa barazani. Tajiri akasema ile ilikuwa sala, yeye alikuwa akiongea na Mungu, na waliosikia walidakia tu maneno yasiyowahusu.

"Mzee wangu," wakili akasema taratibu, "sheria inalinda siri iliyotunzwa. Hii umeitangaza mwenyewe. Na ufundi wa kuchoma ni wa dada huyu, huwezi kumvua."

Tajiri akakuna kidevu. Nilidhani anaona aibu, kumbe anatafuta njia.

"Basi jumuiya nzima isainishwe," akasema. "Na katekista."

Wakili aliniambia nikaendelee na kazi zangu. Nilitoka na hasira na furaha kwa pamoja, nikawasha jiko, nikaloweka nyama kwa kahawa mlango ukiwa wazi.

Jumuiya iliyofuata tulikaa mkeka mmoja. Zamu ya nia ilipomfikia, alinitazama, akafumba macho. Kisha akasema anaombea mvua. Ilikuwa mwezi wa pili, na mvua ilikuwa inapiga bati tangu alfajiri hata tukamsikia kwa shida.