Motokari Iliyogeuka Kipoyi

Muzungu wa shamba ya ng'ombe kule juu ya Masisi alikuwa na motokari mbili za mbio, na mimi njo nilikuwa nazisafisha. Ya kwanza ilikuwa ya zamani. Haikuwa na paa, ilikuwa wazi kama mutumbwi, magurudumu yake marefu na vyuma vyembamba kama vya kinga, baiskeli, na ndani kiti kimoja tu cha ngozi, kirefu. Ya pili ilikuwa mupya. Ilitoka kiwanda kilekile, na muzungu alikuwa anasema hii ni mutoto wa ile. Huyo mutoto alikuwa na paa ya chuma, vioo vya kupandisha, viti viwili, kila kimoja na kivyake, na alikuwa chini sana, mpaka kuku akipita mbele mulikuwa munaangaliana machoni.

Kazi yangu yenyewe ilikuwa kuendesha kamyo ya maziwa, kutoka zizini mpaka kwenye nyumba ya kutengeneza fromaji, jibini. Masomo yangu yalikuwa madogo, lakini moteri nilikuwa naisikiliza na kuielewa.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru, muzungu alifunga mizigo yake. Akaniita mimi na karani wa shamba, akasema: "Mimi naenda na jeep. Hizi mbili zinabaki. Shofere, chagua yako. Ile utakayoacha ni ya karani." Akatushika mikono, akaenda. Hakuuliza hata kama tuko na esansi ya kuzitia.

Sasa niseme jambo moja mapema. Humu nitataja wakosaji wote. Majina yao siandike, lakini wenyewe watajiona. Mukosaji wa kwanza ni huyo karani. Yuko hai mupaka leo, anauza maharagi kwa magunia pale Goma, amenenepa, na tukikutana sokoni ananiita "kaka". Mimi si kaka yake.

Wakati ule nilikuwa karibu kuoa binti wa kijiji cha Kibabi. Mbuzi zilikuwa zimekwisha kupelekwa, pombe imenywewa, wazee wamepatana. Neno moja tu lilikuwa limebaki: binti ataletwa namna gani? Baba yake alikuwa amesema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya muzee njo mbaya:

"Mama yake nilimuleta kwa kipoyi. Na yeye atatoka kwangu kwa kipoyi."

Kipoyi ni kiti cha miti, wanaume wanne wanakibeba mabegani. Bibi-arusi anakaa juu, amefunikwa kikwembe uso mpaka magoti, shangazi yake pembeni. Kutoka mulango wa baba yake mpaka mulango wa mama mukwe, muguu wake haugusi udongo. Ukigusa, hata kidole kimoja, anarudishwa nyumbani, na mambo yote yanaanza upya tangu pombe ya kwanza. Pombe ya kwanza ilinichukua muda. Sikutaka kuirudia.

Nilienda kwa vijana wa kilima chetu. Mukubwa wao alikuwa binamu yangu, muntu wa mabega kama mulango. Aliniangalia kama vile nimetukana.

"Kaka, uhuru umekuja. Baba zetu walibeba wazungu kwa kipoyi mpaka mabega yakaota sugu. Leo tukubebee weye?"

"Ni bibi-arusi. Si muzungu."

"Muntu ni muntu. Yuko na miguu? Atembee."

"Muguu wake ukigusa chini, anarudi kwao!"

"Basi oa mwenye mabawa," akasema, na wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Njo hapo nilielewa kwamba kuchagua motokari haikuwa tena mambo ya kupendeza macho. Motokari njo itakuwa kipoyi. Nikikosea, nimekosa bibi.

Na moyo wangu ulikuwa kwa ile mupya. Siwezi kudanganya. Ukiiwasha, ilikuwa inanguruma kwa chini kama ng'ombe dume iliyoshiba. Mulango wake ulikuwa unafunga kwa sauti ya heshima. Nilikuwa najiona ndani, vioo juu, mvua ya Masisi inapiga paa, na mimi niko mukavu. Ya zamani ilikuwa inakohoa asubuhi kama muzee wa tumbako.

Karani aliona macho yangu, akaanza kunishauri, yeye ambaye alikuwa hajawahi kunishauri hata juu ya chumvi.

"Kaka, ile ya zamani iko na heshima. Muntu mukubwa anakaa juu, anaonekana. Hii ingine ni kitu cha kitoto."

"Kwa hiyo weye utachukua ya kitoto?"

"Mimi niko muntu munyenyekevu," akasema. Munyenyekevu! Alikuwa amekwisha kupima kofia yake ndani ya ile mupya. Nilikuta nywele zake kwenye kiti.

Nilienda Kibabi kumwona muchumba wangu. Tulisimama shambani mwa maharagi, mama yake mbali kidogo akijifanya anapalilia. Nikamweleza mambo ya motokari, paa, vioo, moteri, nikaenda mbele tu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unachagua motokari ao unachagua mimi?"

"Zote."

"Basi peleka Papa akaziangalie. Weye ukiangalia kitu kinachong'aa, akili inatoka."

Papa alikuja, na shangazi wa binti pia. Huyo mama alikuwa ameolewa chini huko Walikale, upande wa Pinga, na alikuwa amepanda kwa miguu mpaka kwetu kwa sababu ya harusi. Watu wa musituni wanashika desturi kuliko sisi wa milimani. Alikuwa mama mupana, na alikuwa anajua kwamba ni mupana, na hakuna muntu aliyekuwa na ruhusa ya kulijua zaidi yake.

Baba mukwe aliziangalia motokari namna anaangalia ng'ombe. Alizunguka, akapiga kila moja makofi kwa nyuma, akainama kuchungulia tumbo.

"Hii ya zamani imezaa mara ngapi?"

"Papa, motokari haizai."

"Weye njo ulisema hii ingine ni mutoto wake."

"Ni namna ya kusema tu, Papa."

"Ng'ombe iliyozaa, tabia yake unaijua. Ndama haijakamuliwa bado, nani anaijua?" Akaonyesha chini ya ile mupya. "Na hii iko na tumbo chini. Barabara ya Kibabi iko na mawe katikati."

Nilitaka kumwonyesha kwamba anakosea. Nikaiwasha ile mupya, nikashuka nayo kwenye barabara mbele yao wote. Sikufika mbali. Ilikaa juu ya tuta la katikati kama kuku juu ya mayai, magurudumu yakazunguka hewani, na muzee akatoa tumbako yake.

Tulipoirudisha, shangazi akasema naye ajaribu. Akaingiza muguu, akaingiza bega, kichwa kikabaki inje.

"Hii ni mutego wa panya," akasema kutoka pale. Alipojitoa, akahesabu viti kwa kidole. "Shofere hapa. Bibi-arusi hapa. Na mimi?"

"Shangazi, unaweza kutangulia..."

"Kutangulia! Nimetoka Pinga kwa miguu, unanitangulizisha tena? Na weye ubaki umejifungia ndani ya chuma na mutoto wetu, vioo juu? Unamuoa ao unamuiba?"

Hata ng'ombe zilicheka siku ile. Nikampa karani ufunguo wa ile mupya. Iliniuma kama kung'olewa jino. Karani alichekelea mpaka nikaona magego yake.

Nimalize hapa habari ya motokari zenyewe, kwa sababu watu wananiuliza. Hazikudumu, hata moja. Vita ilipokuja kwenye vilima vyetu, ile mupya ilikuwa imekwama palepale shambani, na wenye bunduki waliivunja vioo kwa mchezo. Ya kwangu ilichomwa. Walioichoma si wageni. Walikuwa vijana niliokuwa nawapimia maziwa, na mumoja leo anashika biblia mbele ya watu. Mimi nilikimbilia musitu wa Walikale, na kati ya mashofere wote wa shamba ile nilirudi peke yangu. Bibi yangu anasema nina moyo muchungu. Sibishani naye. Lakini nikifika kwenye siku ya harusi, uchungu wenyewe unasahau njia.

Kwenda Kibabi asubuhi ile, ya zamani iliteremka vizuri. Bibi-arusi alitolewa mulangoni amebebwa na kaka zake, amefunikwa kikwembe, akawekwa kwenye kiti pembeni. Shangazi akaingia katikati. Mimi nikabaki na nafasi ya upande mumoja wa matako. Na muti wa kubadilisha mwendo ulikuwa kati ya magoti ya shangazi.

"Shangazi, samahani. Ya pili."

"Ya pili si tumekwisha kupita?"

"Ni kilima, inarudi."

"Hebu amua!"

Nyuma yetu walifuata watu wa kwao, wanaimba, vikapu kichwani. Tulipofika chini ya mulima wa mwisho, kwetu kunaonekana pale juu, moteri ikakohoa, ikanyamaza. Nikajaribu tena. Kimya. Nikashuka, nikafungua kifuniko. Batri haikuwa yangu. Karani alikuwa ameitoa ile nzuri, akaweka ya karibu kufa kutoka kwa ile mupya. Nikatafuta manivela, kile chuma cha kuzungushia moteri kwa mukono. Nayo haikuwako. Narudia ili isisahaulike: karani wa shamba, yule wa maharagi.

Lakini watu wa Kibabi hawakuona batri. Waliona kipoyi imesimama chini ya mulima. Na desturi wanaijua: wabebaji wakifika chini ya mulima, wanatua, wanakataa kwenda, mpaka upande wa bwana-arusi wateremushe kuku na kasiksi, pombe ya ndizi. Wote wakaketi pembeni ya barabara kwa furaha.

"Kipoyi imekataa! Inaomba haki yake!"

"Hapana, mama zangu, ni batri."

"Na batri naye apewe kuku," shangazi akasema. "Musimunyime muntu."

Kutoka juu walisikia vigelegele, wakaelewa vilevile. Binamu yangu na vijana wake wakateremuka na kuku na mutungi wa kasiksi. Muzee mumoja akamwaga kidogo juu ya moteri. Tukangoja. Chini ya kikwembe niliona bibi-arusi anatetemeka. Nikadhani analia, nikainama.

"Usilie, nitafanya namna."

"Silie," akasema kwa shida. Alikuwa anakufa na kicheko.

"Imekunywa, haijalewa," shangazi akatangaza. "Na hakuna muguu utashuka humu."

Mawingu yalikuwa yanashuka. Nikamwangalia binamu yangu. Binamu yangu akaangalia mutungi. Wakanywa wote, mpaka chini. Halafu akapangusa mudomo.

"Kubeba hatubebe," akasema. "Kusukuma si kubeba."

Wakasukuma. Walisukuma wakiimba nyimbo ambazo siwezi kuandika, shangazi akizijibu, kwa sababu alizijua zote. Kwenye kona ya matope magurudumu yakazama, hayakwenda tena. Nikasikia binamu yangu anasema pole pole nyuma yangu, "Ah, mama yangu," na motokari ikapanda hewani. Walikuwa wameinyanyua yote, chuma, bibi-arusi, shangazi, na mimi nimeshika usukani unaozunguka bure.

"Kaka, uhuru uko wapi?" nikamuuliza.

"Nyamaza, ao tutakuangusha weye peke yako!"

Hawakuitua kabla ya mulango wa mama yangu. Waliiweka karibu sana, mpaka kioo cha taa kikagusa ukuta. Mama alikuwa ametandika mukeka kutoka kizingitini, na bibi-arusi akatoka kwenye kiti moja kwa moja mpaka juu ya mukeka. Watu wa Kibabi waliinama kuangalia nyayo zake. Zilikuwa safi. Vigelegele vikapigwa, na baba mukwe, kwa mara ya kwanza, aliniita mutoto wangu.

Nikageuka kumusaidia shangazi kushuka.

"Mimi? Kipoyi imekula. Wasukumaji wamekunywa. Mimi nimekula nini?"

Mvua ikaanza. Paa haikuwako. Yeye hakusogea. Tukamupelekea kuku na bugali palepale kwenye kiti cha ngozi, na binamu yangu mwenye mabega akasimama anamukingia jani la ndizi.

Ndani, bibi yangu alikuwa amefunuliwa uso, amekaa kwenye mukeka kama muntu wa siku zote.

"Ameshuka?"

"Bado."

"Basi kaa. Atashuka akishiba."