Nilivyohujumu antena ya baba ili nisipelekwe kulala mapema

Wakuu, heshima kwenu. Hii siongezi chumvi hata punje, na mhusika mkuu ambaye ni baba yangu yupo hai.

Nimekulia Bigwa, Morogoro, chini kabisa ya mlima Uluguru. Ule mlima ulikuwa unazuia mawimbi, basi redio yetu ilikuwa inakoroma kama mtu mwenye mafua.

Kila usiku kulikuwa na mchezo wa redio. Sheria ya nyumbani: saa mbili watoto kitandani, mchezo ni wa wakubwa.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, napita kuwaaga wazazi nikagusa antena kwa bahati mbaya. Weee! Sauti ikatoka safi.

Baba akaniambia, "Hebu simama hapohapo, mama."

Nikawa nimepanda cheo. Wadogo zangu wanapelekwa kulala, mimi nipo sebuleni, mkono mmoja antena, mwingine karanga. Nilivimba kichwa hatari!

Raha ikaisha baba alipoleta waya wa shaba. Akaufunga kwenye mwanzi mrefu nyuma ya nyumba, akaupitisha dirishani hadi kwenye redio. Sasa mtangazaji anasikika kama yupo jikoni kwetu.

Mimi je? Saa mbili, kitandani. Nililia, wakuu. Nawasikia wanacheka kule, na mimi sipo.

Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda. Jioni nikazunguka nyuma ya nyumba, nikafungua fundo la waya.

Usiku redio ikakoroma. Nikaitwa!

Baba anafunga, mimi nafungua. Wiki nzima. Kila mara anatikisa kichwa, "Huu upepo wa Uluguru haufai." Mwisho akaacha kuufunga kabisa. Nikajiona mjanja kuliko wote.

Juzi nilienda kumsalimia. Baada ya shikamoo na chai, nikaamua kutubu.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Upepo gani huo, mama, unafungua fundo halafu unakunja waya na kuuweka vizuri pembeni?"

Kumbe alijua! Nikamuuliza mbona hakunichapa.

"Redio ilikuwa inasikika vizuri," akasema, "ila sebule ilipooza. Mama yako ndiye aliyeniambia niuache huo waya."

Nilijifanya naenda kuosha vikombe, wakuu. Machozi yalikuwa karibu.

Nilichojifunza: miaka yote najua niling'ang'ania kukaa nao, kumbe na wao walinitaka.

Haya, wa zama za redio njooni. Nyie mlitumia mbinu gani kukwepa kulala?