Nyuki Kwenye Shada

Nimechoka kulibeba hili peke yangu. Mimi ni karani wa mizigo hapa mpakani Tunduma, na starehe yangu pekee ni kupiga picha za maua na wadudu kwa karibu sana, kwa lenzi ndogo ninayoibandika kwenye simu.

Jumamosi tulimzika mwenzetu wa kazini kule Mbozi. Nikateuliwa kuweka shada kwa niaba ya ofisi. Nilipopiga magoti kaburini, nikamwona nyuki ndani ya ua moja la shada, miguu yake ya njano kwa chavua. Wiki nzima sikuwa nimelala vizuri, akili ikaniacha. Nikatoa simu, nikainamisha uso hadi karibu na udongo, nikabana pumzi, nikampiga picha.

Nyuma yangu kina mama wakaangua kilio upya. "Jamani, alimpenda mwenzake!" Wazee wawili wakaniinua. "Jikaze, baba."

Nikaona aibu kukanusha, nikajifanya nalia kweli. Wakanikalisha pembeni ya mjane. Akanifuta uso kwa khanga yake mwenyewe, kisha akaona simu mkononi mwangu, bado inawaka. Akaichukua, akamtazama yule nyuki kwa muda mrefu.

"Kumbe unamlilia huyu?"